Je, Wajua? Nani Aliiandika Hotuba Hiyo?

Hotuba maarufu wengi wetu tunazijua kwa maneno mawili matatu: msemo wa kwenye fulana, kipande cha redioni siku ya maadhimisho. Hotuba nzima ni habari nyingine. Nyingi ziliishia pale pale vipaza sauti vilipozimwa. Zilizonusurika, kila moja ina mtu wa kushukuriwa: karani, polisi, fundi mitambo, mwimbaji, mkutubi. Hawa hapa baadhi yao, pamoja na mambo ambayo mwalimu wa uraia anaweza kuingia nayo darasani kesho asubuhi.

KALAMU KABLA YA KINASA SAUTI

1. Mwaka 63 K.K., Cato Mdogo aliposimama katika Seneti ya Roma, konsuli Cicero alikuwa amekwisha kuwatawanya ukumbini makarani waliofundishwa alama za kuandika upesi. Plutarch anasema hiyo ndiyo hotuba pekee ya Cato iliyobaki. Alihutubia miaka mingi. Tumebakiwa na siku moja tu, ile waliyokuwepo makarani.

2. Thucydides, aliyetuachia hotuba ya Pericles kwenye mazishi ya askari wa Athens, hafichi kitu: anasema maneno yenyewe yalikuwa magumu kuyakumbuka, hivyo alimwandikia kila msemaji yale aliyoona yanafaa kwa wakati ule, bila kwenda mbali na maana yake. Hotuba hiyo inayofundishwa dunia nzima ni kazi ya watu wawili.

3. Mwanzoni mwa miaka ya 1740, Bunge la Uingereza lilikuwa limekataza mijadala yake kuchapishwa. Gazeti la *Gentleman's Magazine* likazunguka: liliichapisha kama habari za nchi ya kubuni. Mwandishi wake, Samuel Johnson, alizitunga nyingi ya hotuba hizo akiwa ameketi zake chumbani, kwa kutegemea maelezo machache ya waliohudhuria. Wasomaji walizisoma kama maneno halisi ya wabunge.

4. Ukipitia matangazo ya nafasi za kazi serikalini Tanzania utakuta sharti la katibu mahsusi: aliyefaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 100 kwa dakika moja. Kabla ya simu kuwa na kinasa sauti, ufundi huo ndio uliokuwa ukiitoa hotuba mdomoni mwa kiongozi na kuifikisha kwenye faili.

5. Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge la Tanzania, zile tunazoziita Hansard, haziandiki maneno matupu. Ndani ya mabano utasoma *(Makofi)* au *(Kicheko)*. Mpe mwanafunzi kurasa mbili na umwambie apigie mstari kila palipo na makofi. Ataona mara moja ni hoja ipi iliyowagusa waheshimiwa na ipi ilipita kimya.

6. Kiswahili kiliruhusiwa katika Bunge la Kenya mwaka 1974, kwa agizo la Rais Jomo Kenyatta. Leo Hansard ya Kenya hubeba Kiswahili na Kiingereza, kila mbunge kwa lugha aliyoitumia kuzungumza. Mwalimu wa Kiswahili anayetafuta mifano ya hoja na hoja pinzani hana haja ya kutunga.

7. Juni 1958, Oginga Odinga alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya akasema jambo ambalo hata wenzake Waafrika wengi walikuwa hawajathubutu kulitamka humo: kwamba Kenyatta na wenzake waliofungwa bado ni viongozi wa wananchi. Kwa kuwa aliyasema ndani ya ukumbi wa baraza, makarani wa serikali ile ile iliyowafunga viongozi hao hawakuwa na budi kuyaandika.

KWENYE DAFTARI LA ASIYEKUPENDA

8. Julai 26, 1952, Kenyatta alihutubia maelfu ya watu Nyeri katika mkutano wa chama cha KAU. Miezi mitatu baadaye alikamatwa. Ukitaka kuisoma hotuba hiyo leo utaikuta ndani ya ripoti ya F. D. Corfield kuhusu chanzo cha Mau Mau, iliyochapishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1960. Aliyeichukua alikuwa afisa wa polisi. Msemaji alitaka kuwaeleza wananchi malengo ya chama. Mwandishi alikuwa akitafuta ushahidi. Darasani, swali la kwanza si “Kenyatta alisema nini?” bali “Polisi alisikia nini, na kwa nini aliandika hili akaacha lile?”

9. Waingereza walipofunga virago makoloni, waliondoka na mafaili. Maelfu yake, kutoka makoloni 37, yalikaa kimya katika jengo la serikali huko Hanslope Park. Mwaka 2011, katika kesi ya wazee wa Kenya walioteswa wakati wa Mau Mau dhidi ya serikali ya Uingereza mjini London, ikabidi yakubaliwe kuwa yapo. Sasa yako katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Uingereza, eneo la Kew, chini ya namba FCO 141.

10. Sojourner Truth, mwanamke aliyezaliwa utumwani Marekani, alihutubia mkutano wa haki za wanawake huko Akron, Ohio, Mei 1851. Mwezi uliofuata gazeti la *Anti-Slavery Bugle* lilichapisha maneno yake. Miaka 12 baadaye Frances Gage, aliyekuwa mwenyekiti wa mkutano, alitoa taarifa yake: ndefu zaidi, yenye lafudhi ya watumwa wa kusini na kibwagizo kinachojirudia. Kibwagizo hicho ndicho kilichoshika vitabuni, ilhali katika taarifa ya 1851 hakimo kabisa. Na Truth hakuwa mtu wa kusini: alikulia New York, na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiholanzi.

11. Hotuba ya Abraham Lincoln pale Gettysburg, Novemba 19, 1863, ina maneno yapatayo 270. Edward Everett, msemaji mkuu aliyemtangulia, alizungumza saa mbili. Nakala za mkono wa Lincoln zinazojulikana ni tano, na hazilingani neno kwa neno. Hata mwenye hotuba anaweza kuwa na matoleo matano ya hotuba yake.

WALIOTANGULIA, WALIOSAHAULIKA

12. Mtanganyika wa kwanza kupeleka kilio cha wananchi mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, hakuwa Julius Nyerere. Nyerere alikwenda Machi 1955. Kirilo Japhet, Mmeru, alikuwa amekwisha kufika mwaka 1952, baada ya watu wapatao 3,000 kuhamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Kisa chote alikiandika baadaye yeye na wakili Earle Seaton katika kitabu kilichotoka 1967. Kama si kitabu hicho, wangapi nje ya Meru wangelijua jina lake?

13. Hotuba na maandishi ya Nyerere ya mwaka 1952 hadi 1965 yalikusanywa katika kitabu kinene, *Uhuru na Umoja*, kilichotolewa kwa Kiingereza na Oxford University Press. Vitabu vingine vikafuata. Baadhi ya hotuba zilizomo zilitolewa kwa Kiswahili, ndipo zikatafsiriwa. Kwa hiyo kijana wa Kitanzania anaweza kujikuta anasoma kwa Kiingereza yale ambayo bibi yake aliyasikia kwa Kiswahili, amesimama juani uwanjani.

14. Bibi Titi Mohamed, kiongozi wa kwanza wa wanawake wa TANU, aliwahi kuwa mwimbaji wa ngoma kabla ya kupanda jukwaani, na sauti yake iliwaleta wanawake wengi chamani. Lakini jukwaa la miaka ya 1950 halikuwa na karani wa kumfuata. Mengi tunayoyajua kutoka kinywani mwake yanatokana na mahojiano aliyofanyiwa katika miaka ya 1980 na mwanahistoria Susan Geiger, yaliyozaa kitabu *TANU Women* cha 1997. Ni kumbukumbu za hotuba. Hotuba zenyewe zilikwenda na upepo.

15. Mwenge uliowashwa juu ya Kilimanjaro usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, ulianza kama maneno. Oktoba 1959, Nyerere aliliambia Baraza la Kutunga Sheria kwamba Watanganyika wangependa kuwasha mwanga juu ya mlima huo umulike hata nje ya mipaka. Miaka miwili baadaye Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha. Wanaoukimbiza mwenge kila mwaka ni wengi kuliko waliowahi kuisoma hotuba iliyouzaa.

16. Hotuba ya vita ya Nyerere ya Novemba 1978 Watanzania tunaikumbuka kwa mambo matatu: uwezo, sababu na nia. Yapange utakavyo, kila mtu atakuitikia. Sasa muulize mwanafunzi: sababu yenyewe ilikuwa ipi? Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yamevamia Kagera, na Amin alikuwa ametangaza kuwa eneo la kaskazini ya mto ni sehemu ya Uganda. Mwenye kuzijua nguzo tatu bila kisa chake ana mwitikio tu, hana hoja.

17. Juni 30, 1960, Leopoldville, hotuba ya Patrice Lumumba haikuwemo kwenye ratiba ya sherehe za uhuru wa Kongo. Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alisifu kazi ya ukoloni. Lumumba akainuka akaeleza Wakongo walivyofanyiwa. Redio ilikuwa ikirusha sherehe hewani. Miezi saba haikutimia, Lumumba akauawa, lakini maneno yalikuwa yamekwisha kutoka.

18. Oktoba 1963, Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia alihutubia Umoja wa Mataifa kwa Kiamhari. Mwaka 1976 Bob Marley alichukua sehemu ya tafsiri yake ya Kiingereza akaifanya wimbo, “War”. Kuna vijana wanaoiimba kwa moyo sehemu hiyo ya hotuba ya kidiplomasia, na hawajui kama ni hotuba.

19. Rais aliyekishangaza kikao cha Umoja wa Afrika kwa kuhutubia kwa Kiswahili, Addis Ababa, Julai 2004, hakutoka Tanzania wala Kenya. Alikuwa Joaquim Chissano wa Msumbiji, aliyeishi Tanzania wakati wa mapambano ya FRELIMO.

MASHINE NA MARADHI YAKE

20. Ile sauti ya Winston Churchill akiapa kupigana ufukweni haikurekodiwa Juni 4, 1940. Siku hiyo alizungumza katika Bunge lisilokuwa na mitambo ya kurekodi, na jioni msomaji wa BBC ndiye aliyesoma sehemu za hotuba. Sauti tunayoisikia Churchill aliirekodi nyumbani kwake mwaka 1949, vita vimekwisha miaka minne.

21. Nelson Mandela alizungumza karibu saa tatu kutoka kizimbani Pretoria, Aprili 20, 1964. Kesi hiyo, ya Rivonia, ilirekodiwa kwa dictabelt. Ifikirie hivi: mshipi mwembamba wa plastiki ulioungana ncha kwa ncha, unaovishwa kwenye mitungi miwili inayozunguka, huku sindano ikiukandamiza na kuacha mfuo. Mshipi mmoja hubeba kama dakika 15, kwa hiyo hotuba moja ilitapakaa kwenye mishipi kadhaa. Mashine zake zilipotoweka, mishipi ilibaki na sauti isiyosikika. Hotuba ya Mandela iliokolewa kwanza na mafundi wa British Library, London, miaka ya 2000 na 2001. Kesi nzima, zaidi ya saa 200, ilikuja kusafishwa Ufaransa kwa mashine iliyobuniwa na Henri Chamoux. UNESCO iliiingiza kesi hiyo kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2007.

22. Martin Luther King aliitaja ndoto yake kabla ya hotuba yake ya Washington ya 1963. Novemba 27, 1962, miezi tisa kabla, aliitaja katika ukumbi wa michezo wa shule moja huko Rocky Mount, North Carolina. Kanda ya siku hiyo iliibuka nusu karne baadaye katika maktaba ya mji huo. Boksi lilikuwa limechakaa, na juu yake mtu alikuwa ameandika kwa mkono kwamba ni hotuba ya Dokta King, na kwamba tafadhali isifutwe. Ombi hilo fupi ndilo lililoilinda. Kanda nyingi za zama zile zilirekodiwa juu kwa juu, kwa kuwa kanda mpya ilikuwa ghali.

23. Mandela alipotoka gerezani Februari 11, 1990, aliisoma hotuba yake ya Cape Town kwa miwani ya mkewe, Winnie. Yake aliisahau gerezani. Jambo hilo huwezi kulipata kwenye karatasi ya hotuba.

24. Kanda huugua. Gundi inayoshika unga wa sumaku hufyonza unyevu, kanda ikaanza kunata na kulia kwenye mashine. Fundi asiyejua huilazimisha, unga ukabanduka pamoja na sauti. Anayejua huipasha kwanza katika oveni maalumu, kiasi cha nyuzi 50, kwa saa nyingi, ndipo ainakili. Zile za zamani za asetati huanza kutoa harufu ya siki. Ukiwa Tanga, Mombasa au Unguja na una kanda kabatini, fungua boksi unuse leo.

25. Mwaka 2019 UNESCO na jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti, IASA, walitoa tahadhari: ifikapo kama 2025 mashine za kuchezea kanda, vipuri vyake na mafundi wake vitakuwa adimu mno. Mwaka huo umekwisha kufika.

26. IASA inashauri hotuba inakiliwe bila kubanwa, kwa kiwango kisichopungua kilohezi 48 na biti 24. Kwa kilohezi 96, saa moja ya stirio hula kama gigabaiti mbili. MP3 inafaa kusikiliza ndani ya daladala. Kwa hifadhi haitoshi. Hata video ya mkutano wa kijiji hupoteza ubora ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida. Itume kama faili la nyaraka.

27. Nakala moja si hifadhi. Wahifadhi wana kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae mbali na nyingine. Moto au mafuriko yakija, hayachukui zote.

28. Hotuba inaweza kuhifadhiwa bila kutolewa. Julai 1969, mwandishi wa hotuba William Safire alimwandalia Rais Nixon maneno ya kuwaomboleza wanaanga wa Apollo 11 endapo wangekwama mwezini. Walirudi salama, karatasi ikabaki kwenye mafaili. Leo inafundisha jambo ambalo hotuba za ushindi hazisemi: serikali ilikuwa imejiandaa kwa msiba.

MALI YA NANI?

29. Mkataba wa Berne wa hakimiliki, ambao Kenya iliingia 1993 na Tanzania 1994, unaiachia kila nchi iamue kama hotuba za kisiasa na za mahakamani zilindwe au la. Lakini haki ya kuzikusanya ziwe kitabu inabaki kwa mwenye hotuba. Kabla ya kuchapa mkusanyiko wa shule, soma sheria ya nchi yako.

30. Hotuba ya ndoto ya King ya 1963, iliyosikiwa na watu laki mbili na zaidi uwanjani, si mali ya umma. Warithi wake waliishitaki CBS kwa kuitumia, na mwaka 1999 mahakama ya rufani ya Marekani ilisema kuitoa hadharani hakukumwondolea King hakimiliki.

31. Kila mshindi wa Nobel hutakiwa kutoa mhadhara. Ndiyo maana hotuba ya Wangari Maathai, Mkenya aliyeongoza vikundi vya kupanda miti, ya Desemba 10, 2004, mjini Oslo, ipo kwa maandishi na kwa picha. Mikutano ya hadhara na vikundi hivyo havina kanuni kama hiyo. Hapo hotuba humtegemea mtu aliyekuja na daftari.

TWENDE DARASANI

32. Nyerere alitafsiri *Julius Caesar* ya Shakespeare mwaka 1963, akairekebisha na kuitoa upya 1969 kwa jina *Juliasi Kaizari*. Ndani yake Brutus na Antony wanahutubia umati mmoja kuhusu maiti moja, na umati unageuka katikati. Kwa somo la ushawishi na hatari zake, kifaa kipo tayari kwa Kiswahili.

33. Kipindi cha *Wosia wa Baba* kwenye redio ya taifa Tanzania huwarudishia wasikilizaji sauti ya Nyerere. Mwalimu anaweza kukirekodi, lakini aongeze kile ambacho redio haina nafasi nacho: tarehe, mahali, waliokuwepo, na kilichokuwa kikigombewa mwaka ule.

34. Zoezi la dakika 40: chagua dakika tatu za hotuba yoyote. Kundi la kwanza liandike kila neno, pamoja na “eee” na vikohozi. La pili liandike muhtasari. La tatu liandike kama polisi anayetafuta kosa. Karatasi zisomwe kwa zamu, kisha darasa liamue ipi iingie maktaba na kwa nini.

35. Huhitaji ruzuku kuanza. Mkutano ujao wa kijiji, mtaa au wodi, weka simu mezani kwa ruhusa ya wasemaji, na usiku huo huo andika mambo saba: jina la msemaji, cheo chake, mahali, tarehe, lugha, waliohudhuria, na jina lako wewe uliyerekodi. Hilo la saba ndilo linaloachwa mara nyingi, kwa aibu au kwa haraka. Liandike. Mwanafunzi wa mwaka 2060 atataka kujua anasikiliza kwa sikio la nani.